Haki ya Mzee ni Kuzuriwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetutoa katika unyonge wa utoto akatutia nguvu, naye ndiye atakayeturudisha, tukijaaliwa umri, katika unyonge wa uzee. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, safari hii twataka kusema nanyi juu ya wazee wetu: baba na mama, babu na bibi, shangazi na wajomba. Wala hatutaanza na habari za nyumbani. Tutaanza na habari za mji mmoja wa mbali, kwani aibu ya mtu haimdhihirikii upesi ila aitazame kwanza hali ya mwengine.

Kijana mmoja katika wanafunzi wa darasa letu alikwenda Marekani kutafuta riziki, akakaa karibu na Phoenix, katika jimbo la Arizona. Alipokuja likizo tuliketi naye barazani baada ya sala ya Isha, akatuhadithia habari za mji uitwao Sun City, ambako kazi yake ilikuwa kupeleka vyakula na dawa majumbani. Alipotuambia kuwa ni mji wa wazee watupu, sisi tulitaraji kusikia habari za vitanda na wauguzi. Kumbe sivyo.

Mji huo ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1960, juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya pamba, na mjenzi wake alikuwa tajiri aitwaye Del Webb. Watu wengi walidhani hapana mzee atakayekubali kuiacha nyumba yake na jamaa zake ahamie jangwani. Lakini katika siku za mwanzo walifika watu wapatao 100,000 kuutazama, na nyumba zaidi ya 200 zikanunuliwa papo hapo. Leo wanakaa humo karibu ya watu 40,000. Hawakupelekwa na mtu. Walikwenda wenyewe, kwa fedha zao na kwa hiari yao.

Na maisha yao, asema kijana wetu, si ya kulala. Asubuhi mapema, kabla jua la jangwa halijawa kali, utawaona barabarani katika vigari vyao vidogo vya gofu. Huyu aenda kuogelea, yule aenda kwenye karakana ya useremala, bibi yule aenda kufinyanga vyungu au kushona. Vyama vyao vya kazi na vya burudani vyapita mia. Wako wazee wanaojitolea kufagia na kupalilia kando za barabara pasi na ujira, na wako waliovaa sare wakizunguka na magari kuulinda mji, na kutazama nyumba ya mwenziwao aliyesafiri. Mtu wa miaka themanini akitakwa jambo, hujibu kwamba leo hana nafasi.

Katika burudani zao yako yasiyotufaa sisi, na hayo hatuyasifu. Lakini haki husemwa ijapokuwa ni ya mtu wa mbali. Watu hawa wamefahamu jambo moja ambalo sisi, wenye dini ya kulifundisha, tumelisahau: kuwa uzee si mwisho wa kazi ya mtu duniani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa mtu akiwa na mche mkononi na Kiyama kikawa chasimama, akiweza kuupanda na aupande. Na sahaba Abu Ayyub Al-Ansari alikuwa mzee mkongwe alipotoka na jeshi kwenda Konstantinopoli, akafa huko na huko akazikwa. Hakuna aliyemwambia, "Wewe keti, babu, umekwisha."

Ama sisi twawaambiaje wazee wetu? Mama akishika ufagio twampokonya. Akitaka kuingia jikoni twamwambia apumzike. Funguo za stoo zahama kiunoni pake zaenda kwa mkwe, na biashara ya baba yakatwa shauri yeye akiwa chumba cha pili. Twadhani kuwa hayo ni heshima. Mara nyengine ni heshima kweli, lakini mara nyingi ni kumzika mtu kabla ya siku yake. Mzee hahitaji mto wa kuegemea peke yake, ahitaji pia kuulizwa, "Waonaje?"

Sasa tutazame upande wa pili wa mji ule. Mji huo una mpaka usioonekana kwa macho. Kila nyumba sharti iwe na mtu aliyetimiza miaka 55 au zaidi, na aliye chini ya miaka 19 haruhusiwi kuifanya nyumba ile makao yake. Mjukuu aweza kuja kuzuru, lakini siku zake zahesabiwa: asizidi siku 90 katika mwaka. Na sheria ya nchi yawapa nguvu, kwani serikali ya Marekani imekubali mitaa ya namna hiyo, maadamu nyumba 80 katika kila 100 zinazokaliwa zina mtu wa miaka 55.

Jirani na Sun City upo mji mdogo uitwao Youngtown, ulioanzishwa mwaka 1954, nao ulikuwa wa wazee vilevile. Katika miaka ya 1990 mvulana mmoja alikuja kukaa na babu yake na bibi yake, kwa kuwa nyumbani kwao hakuwa na salama. Wakubwa wa mji wakasema umri wake haumruhusu. Mambo yakafika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na mwaka 1998 sheria ile ya umri ikaanguka, Youngtown ikafunguliwa kwa watoto. Hebu fikirini, ndugu zetu: babu amehitaji ruhusa ya serikali ili mjukuu wake alale chini ya dari yake!

Na ukuta haumtengi aliye nje peke yake. Humbadilisha na aliye ndani. Katika miaka ya 1960 na 1970 wakazi wa Sun City walikuwa wakipiga kura mara kwa mara kuzikataa fedha za kujengea skuli za wilaya yao, hata mwisho mji wao ukatolewa katika wilaya ile ya skuli. Hawakuwa watu waovu, na tumekwisha kuzitaja hisani zao. Lakini mtu asiyesikia sauti ya mtoto asubuhi hawezi kwa wepesi kukumbuka kuwa mtoto ahitaji dawati.

Hapo katika hadithi, wenzetu pale barazani walianza kutikisa vichwa. Mmoja akasema, "Alhamdulillahi, sisi hatuna hayo. Wazee wetu tunao majumbani." Wote tukaitikia. Lakini kijana yule alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Sheikh, nipe ruhusa nimalize."

Akatueleza jinsi watoto wa wale wazee wanavyokuja kuzuru. Wengi wakaa mbali, mwendo wa saa nyingi kwa ndege. Siku ya kufika huandikwa kwenye karatasi ya tarehe ukutani miezi kabla. Bibi hununua vyakula wavipendavyo wajukuu, na yeye kijana ndiye aliyekuwa akivipeleka, basi alijua kwa mzigo tu kuwa nyumba fulani yangojea wageni. Mtoto akifika, hakuja kwa mazishi wala kwa kutaka fedha, wala hakuwa anapita njia. Amekuja kumtazama mamake. Hukaa naye siku tano au sita, wakala pamoja, wakazunguka pamoja, na mama huwaonyesha wajukuu chungu alichokifinyanga kwa mikono yake.

"Kisha nikarudi Mombasa," akasema kijana, "nikakaa kwetu wiki ya kwanza. Nyanya yuko chumba cha nyuma. Sote tuko nyumba moja. Nikahesabu siku ngapi mtu ameingia mle chumbani akakaa kitako, mbali na kupeleka sahani na kuchukua sahani. Sikupata hata moja, na mimi mwenyewe nikiwemo."

Pale barazani hapana aliyetikisa kichwa tena.

Ndugu zetu, sisi tuandikao maneno haya hatuwezi kumlaumu mtu kabla ya kujilaumu wenyewe. Tulikuwa na shangazi yetu, dada wa baba, ambaye alitulea baada ya mama yetu kufariki. Nyumba yake ilikuwa karibu mno na msikiti tunaosomesha. Kila Jumanne, baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa tukipita chini ya dirisha lake na vitabu kwapani. Tulisema, "Shikamoo, shangazi." Naye alijibu, "Marahaba, baba. Pita ndani." Nasi tulisema, "Tutarudi, inshallah," tukenda zetu. Na darasa tulilokuwa tukilisomesha miezi ile lilikuwa katika Riyadh-us-Salihina, mlango wa kuwatendea wema wazazi na kuunga jamaa!

Alipofariki, jirani yake alituambia jambo ambalo hatukulijua. Kila Jumanne shangazi alikuwa akipika kahawa ya tangawizi, akiweka vikombe viwili. Isha ikipita, kikombe cha pili alikuwa akimpa mtoto wa jirani. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe. "Inshallah" ile tuliyokuwa tukiisema haikuwa na nia ndani yake, na kulitumia jina la Mola kuwa kisingizio cha kupita njia ni jambo la kuogopwa.

Na baada ya mazishi je? Yalifanywa kama desturi ya mji. Watu wakakusanyika, masufuria yakapandishwa, hitima ikasomwa, wali ukaliwa, na waliotoka mbali wakasema mazishi yalifana. Fedha iliyotumika siku ile ingalitosha kumnunulia shangazi kahawa na tangawizi miaka kumi. Kuwaombea dua maiti na kuwatolea sadaka ni jambo jema, na hatulikatazi. Tunalolikataza ni kumnyima mtu saa moja ya uhai wake, kisha kumfanyia karamu asiyoila. Deni hilo halilipwi kwa sinia.

Kadhalika twasema na ndugu zetu walioko ng'ambo, walioko Ghuba na Uingereza na kwengineko. Fedha mnazoleta ni wema mkubwa, na nyumba nyingi za mji huu zasimama kwazo. Lakini fedha ni haki moja, na kuzuriwa ni haki nyengine. Aliye mbali na apige simu kwa siku iliyowekwa, kisha asiwe mwepesi wa kukata. Na amuulize mzazi jambo la kweli, la shauri au la habari za zamani, wasimalize maneno kwa "hujambo" na "zimefika?" Akijaaliwa nauli, na aje wazazi wangali hai. Aliyekwenda kwa Mtume akitaka kutoka kwenda jihadi aliulizwa kwanza kama wazazi wake wako hai, na aliposema ndiyo, akaamrishwa arudi akapiganie jihadi yake kwao.

Basi twafanyeje? Mambo matatu yatutosha.

La kwanza, kila mmoja wetu aweke siku na saa ya kumzuru mzee wake, hata kama wakaa nyumba moja. Aingie kwa hodi, akae kitako, asiwe na simu mkononi wala macho mlangoni. Katika Sura ya Bani Israili Mwenyezi Mungu amekataza hata mguno mdogo wa kuchoka mbele ya wazazi waliozeeka. Na mwenye kutazama saa kila dakika amekwisha kuguna, ijapokuwa mdomo wake umefumba.

La pili, tuwarudishie wazee kazi zinazowaelekea. Darasa letu limeazimia kuwaomba wazee wanne wa mtaa wawasikilize watoto wa chuoni jioni wakirudi somo, na mabibi waje kuwafunza wasichana ushoni na adabu za nyumba. Hatuwafanyii sadaka katika hili. Sisi ndio wenye haja. Watu wa Sun City wamepata kazi wakakosa watoto. Sisi twaweza kuwapa wazee wetu yote mawili, na mji wetu hauna sheria ya kutuzuia.

La tatu, aliyekatwa na jamaa yake asingoje kuanzwa. Mtume ametubainishia kuwa muungaji wa kweli si yule alipaye ziara kwa ziara. Muungaji ni yule ambaye jamaa wakimkata, yeye huwaunga.

Sisi huwacheka wenye kuhesabu siku 90 za mjukuu. Lakini siku 90 zilizotimizwa ni nyingi kuliko mwaka mzima wa kupita dirishani. Jumanne ijayo, tukijaaliwa, darasa litaanza nusu saa baadaye, ili kila mwenye mzee njiani apite kwake kwanza, akae, anywe kahawa ikiwa atapewa. Na asiye na mzee aliye hai, na apite kwa mzee wa mwenziwe.

Ewe Mola wetu, turehemu wazee wetu walio hai na waliokufa, utusamehe tulivyowapunguzia, na utujaalie tukizeeka tupate wa kutubishia hodi. Amin.