Adui Alitoka Nyumbani

Shangazi alipoambiwa ana saratani ya titi, aliuliza swali moja tu: "Kwani nimemkosea nani?" Jirani akasema huo ni mkono wa mtu. Pasta akasema kuna dhambi haijatubiwa. Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili nikabaki na vitabu vya bayolojia chini ya kitanda, nilinyamaza.

Leo ningemsimulia kisa cha kuku.

Mwaka wa 1911, huko New York, Peyton Rous alieleza jinsi alivyosaga uvimbe wa kuku, akauchuja hadi hata bakteria hawangepita, kisha akawadunga kuku wazima yale maji. Nao wakapata uvimbe. Kumbe mlikuwa na virusi. Wengi walimpuuza, Tuzo ya Nobel ilimfikia 1966, akiwa na miaka 87.

Baadaye jeni ya virusi hivyo inayoleta uvimbe ilitambuliwa, ikaitwa src. Hapo utasema: si nilijua, adui ametoka nje! Ngoja kwanza. Mwaka wa 1976, kikundi cha Michael Bishop na Harold Varmus kule San Francisco kilionyesha kwamba jeni hiyo iko hata ndani ya kuku asiyeumwa. Virusi viliiokota huko huko, kwa seli za kuku. Nyumbani kwake, src ni mfanyakazi wa kawaida: husaidia kupitisha amri ya kukua, na ina breki. Nakala iliyobebwa na virusi imepoteza breki. Ni kama mtu aibe matatu yako, ang'oe breki, halafu airudishe mtaani kwenu imejaa abiria.

Sisi pia tuna src, na jeni zingine za aina hiyo. Saratani zetu nyingi hata hazihitaji virusi. Makosa kwenye jeni zetu yakirundikana, breki zinakatika.

Basi lawama ni ya nani? Ukisema ni ya mwili wake, umemrudisha Shangazi kizimbani. Lakini jeni hizi hazikuwekwa ndani yetu zituue. Ndizo zinazosaidia mtoto kukua tumboni na kidonda kupona. Kuwa chanzo si kuwa na hatia. Nadhani tunapenda hatia kwa sababu ina mlango wa kubisha: unaomba msamaha, unangoja kufunguliwa. Seli haina mlango huo.

Shangazi alizikwa akiwa bado anaomba msamaha kwa watu ambao hakuwa amewakosea. Mimi nilikuwa nimeketi hapo kando, nimenyamaza. Katika kisa hiki chote, hatia ninayoweza kuionyesha kwa kidole ni hiyo tu.