Ushindi ni Mali ya Nani?

Katika mji wa Paris, Ufaransa, uko uwanja uitwao Vendôme, na katikati yake imesimama nguzo ya shaba ambayo urefu wake wapata mita 44. Napoleon aliamuru ijengwe baada ya kuwashinda Waaustria na Warusi huko Austerlitz mwaka 1805, nayo ikamalizika mwaka 1810. Ndani ni mawe. Nje imevikwa mabamba 425 ya shaba, iliyopatikana kwa kuyeyusha mizinga ya adui. Juu ya mabamba hayo zimo sura za askari, zikiizunguka nguzo toka chini hata juu kama mmea utambaao juu ya mti. Walakini kileleni yupo mtu mmoja tu, naye ni Napoleon.

Basi twauliza, ushindi ni mali ya nani? Askari wamo, lakini wamefanywa wadogo, tena walio juu hawaonekani vema kwa mtu asimamaye uwanjani.

Wala sifa ya yule mmoja haikutulia. Alipoanguka mwaka 1814 sanamu yake iliteremshwa, ikapandishwa bendera ya wafalme wa zamani. Mwaka 1833 ikawekwa sanamu nyingine. Mwaka 1863 ikaletwa ya tatu, iliyovikwa kama kaisari wa Rumi. Shaba haina kinywa. Husemewa na yeye aushikaye mji. Hata nguzo ya Trajan huko Roma, iliyokuwa kielelezo cha hii, tangu mwaka 1587 yachukua sanamu ya Mtume Petro juu ya picha za vita vya kipagani, nasi twashangaa Petro angalisemaje!

Mwaka 1871, Ufaransa ilipokwisha kushindwa na Wajerumani, watu wa Paris waliiasi serikali, wakaweka baraza lao wenyewe. Tarehe 12 Aprili baraza liliamuru nguzo ivunjwe, kwa kuwa yasifu mabavu na kuwatukana walioshindwa. Neno hilo twalikubali. Lakini tarehe 16 Mei ilipovutwa kwa kamba ikaanguka, umati ulishangilia na bendi zikapigwa, na huko nako kulikuwa kusherehekea ushindi. Siku 12 baadaye baraza lenyewe lilikwisha kuangamizwa, na maelfu ya watu wa mji wameuawa na askari wa serikali.

Kisha akatafutwa wa kulipa. Akapatikana Gustave Courbet, mchoraji, ambaye mwaka 1870 aliomba nguzo ibomolewe. Amri ilipotolewa alikuwa bado hajachaguliwa barazani. Hata hivyo alifungwa miezi sita, kisha akadaiwa gharama zote za kuijenga tena, faranga 323,091, alipe 10,000 kila mwaka kwa miaka 33. Sisi walimu twaijua hukumu ya namna hii: darasa zima limekosa, na mwenye ulimi mwepesi ndiye aadhibiwaye. Wengi walishinda vita, akasifiwa mmoja. Wengi waliivuta kamba, akadaiwa mmoja. Twaona ni dhuluma ile ile, imegeuzwa upande tu. Courbet alikimbilia Uswisi, akafa tarehe 31 Desemba 1877, siku moja kabla ya malipo ya kwanza.

Nguzo ilisimama tena mwaka 1875, Napoleon juu yake. Wale watu 147 waliopigwa risasi tarehe 28 Mei 1871 penye ukuta wa makaburi ya Père-Lachaise hawakujengewa nguzo. Wanao ule ukuta, na kila mwaka mwezi wa Mei watu huenda pale na maua.