Nasaha kwa Mwenye Kuogopa Safari ya Angani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, baadhi ya wazee wa hapa Kilakala wameniomba niandike maneno machache juu ya safari ya ndege ivukayo bahari ya Atlantiki kwenda Marekani. Watoto wetu wengi wako huko siku hizi, nao hutuita, na sisi twaogopa. Nimekubali kuandika, si kwa kuwa mimi ni shujaa, bali kwa kuwa mimi ndimi mwoga wa kwanza katika mtaa huu, na woga wangu umenitia hasara isiyolipika.

Dada yangu mkubwa, aliyenishika mkono akanipeleka chuoni nilipokuwa mdogo, alihamia New York kwa wanawe. Miaka mitatu aliniita niende tuonane. Kila aliponiita nalichukua karatasi nikaandika njia. Njia ya Doha naliiona ya kuzunguka. Njia ya Istanbul nalisema ina kupanda mara mbili na kushuka mara mbili. Njia ya Amsterdam nalisema bahari ya kaskazini ina baridi na tufani. Ikabaki njia ya Nairobi, ambako tangu tarehe 28 Oktoba 2018 ndege hutoka hata New York bila kutua, kwa muda wa saa 15 hivi. Hiyo nayo nikasema: saa 15 angani, nani atazistahimili? Basi njia yenye kituo nalilaumu kituo chake, na njia isiyo na kituo nalilaumu urefu wake.

Walioniuliza naliwajibu ya kuwa naswali istikhara, au ya kuwa chuo hakina wa kukishika. Hayo yalikuwa maneno ya kujificha. Istikhara ni ya mtu aliyekwisha kukusudia jambo, humwomba Mola wake, kisha huinuka akatenda au akaacha. Mimi naliifanya kuwa pazia. Hata mwaka jana dada yangu akafariki kitandani mwake, pasipo ndege wala bahari. Nalikuwa naogopa mauti yasinipate mimi angani, nayo yakamkuta yeye nyumbani, nami sikumwona.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, yapo mambo matatu yatupasayo kuyajua.

La kwanza ni kuwa khofu yenyewe si dhambi, wala si dalili ya upungufu wa imani. Nabii Musa, alayhis-salaam, aliingiwa na khofu moyoni mwake siku ya wachawi wa Firauni, na habari hii imo katika Surat Taha, aya ya 67. Naye alikuwa ni mtu aliyesema na Mola wake. Lakini khofu ile haikumzuia kuitupa fimbo yake. Basi asikuaibishe mtu kwa kutetemeka kwa mikono yako. Mwili una tabia zake. Utakaloulizwa ni lile ulilolitenda au kuliacha kwa sababu ya khofu hiyo.

La pili ni kuwa kuichagua njia iliyo salama zaidi si kinyume cha kumtegemea Mungu. Yule mtu aliyemwuliza Bwana Mtume, s.a.w., kama amwache ngamia wake na kutegemea, aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimfikie, alipokuwa safarini kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliazimu kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu ya kuwa waitoka kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mtu aliyeshuka na ngamia zake katika bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani na moja ni kavu. Atakakowalisha kote ni kwa kadari, wala hapana mwenye akili aiachaye ng'ambo yenye majani.

Mambo haya sisi twayajua hata pasipo kitabu. Akina mama washukao na ndizi kutoka milima ya Uluguru, wakati wa masika huyaepuka mawe yenye utelezi, wakazunguka. Na ndugu zetu wa pwani hawakuwa wakivuka bahari ya Hindi ila kwa kaskazi na kusi, kila pepo kwa miezi yake.

Na wenye ndege hufanya vivyo hivyo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkubwa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo sababu ndege kutoka London hadi New York huchukua kadiri ya saa 8, na kurudi huchukua saa 7 au pungufu. Kila siku waongozaji wa Gander, nchini Canada, na wa Prestwick, nchini Scotland, hutazama pepo, kisha hupanga njia za ndege za siku ile. Na ndege yenye injini mbili yaweza kuruka kwa injini moja. Tena sheria yailazimisha isiende mbali na viwanja vya kutulia kupita muda uliopimwa. Viwanja hivyo ni kama bandari kwa jahazi: Shannon ya Ireland, Keflavik ya Iceland, Lajes katika visiwa vya Azores, na Gander yenyewe. Tarehe 11 Septemba 2001, mbingu ya Marekani ilipofungwa, ndege 38 za abiria zilitua Gander, na watu wa mji ule mdogo wakawalisha na kuwalaza wageni wao.

Basi mwenye khofu na apange safari yake kwa akili. Akiona saa nyingi zamshinda, na achague njia yenye kituo, ashuke, anyoshe miguu, asali, kisha apande tena. Akiona kupanda ndiko kumtishako, na achague njia ya kupanda mara chache. Na aombe kiti kilicho karibu na mabawa, kwani hapo mtikisiko hupungua. Na mkanda wake asiufungue maadamu ameketi, kwa sababu wengi waumiao katika mtikisiko wa hewa ni wale wasiojifunga. Na ajue ya kuwa kutikisika si kuanguka, kama vile chombo kipandacho na kushuka juu ya mawimbi kisivyokuwa kinazama.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kukijua kipimo. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi waliliuliza jambo hili zamani juu ya bahari: je, mtu asiye na njia ya kwenda Hija ila baharini, yampasa kupanda chombo? Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj amelijibu kwa kauli iliyo na nguvu, ya kuwa yampasa ikiwa salama ndiyo yenye kughalibu. Tazama, ndugu yangu, hakusema iwe salama ya yakini. Amesema iwe yenye kughalibu, yaani wafikao salama wawe ndio wengi. Na leo, kati ya ndege zipandazo angani kila siku duniani, karibu zote hufika.

Wala sikufichi ya kuwa ajali zipo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19, na wavuvi wakawasaidia walionusurika. Lakini sisi wa Morogoro tuna ukumbusho mwingine. Tarehe 10 Agosti 2019, hapa Msamvu, lori la mafuta lilipinduka likawaka, wakafa watu zaidi ya 100, nao walikuwa wamesimama juu ya ardhi katika mji wao. Ni nani kati yetu aliyeacha kupita Msamvu kwa sababu hiyo? Basi kwa nini twaitaka yakini angani, na hali barabarani twaridhika na salama yenye kughalibu?

Kutokana na haya matatu utaweza kujipima. Mpango una mwisho, udhuru hauna mwisho. Ukiona umeandika njia nne na kila moja umeitia ila, jua ya kuwa huitafuti njia, waitafuta ruhusa ya kukaa. Nami nalikaa.

Sasa wamebaki wana wa dada yangu. Katika desturi yetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana haki nzito juu yake. Na sharia yetu, ijapokuwa katika mirathi ina hukumu zake, imeamrisha kuunga udugu. Walinipigia simu baada ya maziko, mkubwa wao akaniambia, "Mjomba, huna lawama." Neno hilo lilinichoma kuliko kulaumiwa. Nimekwisha kukata tiketi ya njia ya Nairobi. Mwezi ujao, in sha Allah, nitashuka Dar es Salaam kwa garimoshi, na huko nitaianza safari ya angani. Khofu ningali nayo. Lakini nimeinyima haki ya kushauri.

Na kabla ya kuondoka, msafiri na alipe madeni yake, aandike wasia wake, na awatake radhi watu wake. Akipanda, na asome dua ya kipando iliyomo katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 13 na ya 14, ambamo twamtakasa Yule aliyekitiisha kipando kwetu, nasi hatukukiweza, kisha twakumbuka marejeo yetu Kwake. Ana ruhusa ya kupunguza sala na kuzikusanya kwa masharti yake. Akiwa angani, na asali kwa kusimama na kuelekea Kibla akiweza. Asipoweza, na asali kama awezavyo kwa heshima ya wakati, kisha airudie atuapo. Na aendaye magharibi usiku, usiku wake hurefuka, kwani New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8. Basi asiitafute alfajiri katika saa ya Kilakala, bali aitazame dirishani.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotuita wala hatukwenda. Tupe nguvu ya kwenda kwa waliobaki, nasi tukiogopa. Na utufikishe, na uturudishe, kwa salama na amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.