Mkono Usiopokea



Hivi karibuni mjukuu wangu alinionyesha filamu ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Richard Press, juu ya mzee Bill Cunningham wa New York. Mzee huyo, aliyefariki mwaka 2016 akiwa na miaka 87, alizunguka mjini kwa baiskeli akipiga picha za mavazi ya wapita njia, na gazeti la New York Times likizichapa.

Niliitazama shingo upande. Kuwakodolea macho wanawake njiani si mwendo wetu. Sura ya An-Nur, aya ya 30, yatuamrisha tuinamishe macho. Lakini hekima ni mali iliyompotea Muumini: aikutapo huiokota.

Mtu huyu, ambaye riziki yake ilikuwa nguo za fahari za wengine, yeye alivaa koti la buluu la wafagiaji wa Paris. Joho lake la mvua likichanika, aliliziba kwa utepe wa gundi. Alilala juu ya kitanda chembamba baina ya makabati ya picha, chumba hakina jiko wala choo. Katika karamu za matajiri hakuonja hata maji. Jarida moja lilipompa hundi, alizichana. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ukishika fedha ya mtu, umempa ruhusa ya kukuamuru. Na gazeti jingine lilipogeuza maneno yake ili kuwacheka wanawake aliowapiga picha, aliliacha.

Hapo niliona haya. Mimi, mwenye kilemba, niliwahi kuulizwa juu ya fungu la mayatima, nami ndiyo kwanza nimetoka kula pilau kwa ami yao. Haki niliijua. Nikawaambia, "Subirini." Miaka ilipita kabla sijaenda kuwaomba radhi, na mmoja wao alikuwa keshafariki.

Simharamishii mtu zawadi, Mtume wetu (S.A.W.) alipokea zawadi. Lakini iko zawadi ijayo na kufuli la mdomo. Basi kadhi, mwalimu, na kila anayetegemewa kusema kweli, kabla hajanyosha mkono na ajiulize: kesho nitaweza kumwambia huyu kwamba amedhulumu? Akiona hawezi, na arudi kwake akale muhogo wake kwa amani.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulionyamaza, na atupe ndimi zisizonunuliwa. Amin.