Ahadi ya Mji ni Deni la Nani?

Mji unaokua hauachi kutaka ardhi. Mwaka 1940 Kinshasa, uliokuwa ukiitwa Léopoldville, ulikuwa na watu wapata 50,000. Mwaka 1960 walikuwa wapata 400,000, na leo wamepita milioni kumi. Watu wakiongezeka hivi, lazima barabara zipanuliwe, masoko yahamishwe, nyumba mbovu zijengwe upya. Na vijana nao wanataka mahali pa kucheza. Basi wakubwa wa mji huleta ramani, huweka kidole mahali fulani, husema: «Hapa patakuwa uwanja mkubwa wa mpira.» Lakini mara nyingi hapo penye kidole mtu analala, anapika, amezaa watoto wake. Je, ni haki kumwondoa?

Tusianze kwa kuulaumu uwanja wa mpira. Padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu wa Kinshasa walimwita Tata Raphaël, alijua kwamba kijana asiye na mahali pa kucheza atatafuta mahali pa kuharibika. Alihangaika miaka mingi kuwajengea vijana shule na viwanja, na uwanja wake mkubwa ulifunguliwa mwaka 1952. Ndani yake, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimshinda George Foreman, dunia nzima ikitazama. Leo uwanja huo unaitwa kwa jina la padri yule. Nani atasema ulikuwa hasara kwa mji? Mtu anahitaji ugali, lakini anahitaji pia kucheka na kupiga kelele pamoja na wenzake.

Hata mtu kuondolewa mahali pake si dhuluma siku zote. Kama barabara ya kwenda hospitali haina njia nyingine, mwenye nyumba mmoja asiizuie kwa ukaidi. Faida ya wote ni jambo kubwa. Ila yatupasa kuuliza: hao «wote» ni akina nani? Na mtu aliyetoa nyumba yake, je, yumo ndani ya hesabu yao?

Ili tupime vizuri, tutazame mji ulio mbali, ambao habari zake zimekwisha kuandikwa. Mtu huona haki vizuri zaidi mahali ambapo yeye mwenyewe hana shamba.

Katika Marekani, karibu kabisa na katikati ya mji wa Los Angeles, palikuwa na bonde na vilima vilivyoitwa Chavez Ravine. Palikuwa na vijiji vitatu: Palo Verde, La Loma na Bishop. Wakaaji wake wengi walikuwa watu wa asili ya Meksiko, watu wa kazi za mikono. Walikuwa na shule, na kanisa, na bustani za mboga. Wakubwa wa mji walipatazama wakaona ni mahali pa nyumba mbovu. Mwezi wa Julai 1950 wakaaji walipokea barua: nyumba zenu zitanunuliwa, zibomolewe, mahali pake Serkali ijenge nyumba nyingi mpya kwa ajili ya watu wenye mshahara mdogo. Ramani ilionyesha majengo 24 ya orofa 13, na nyumba nyingine 163 za orofa mbili. Tena barua iliwaahidi: ninyi mnaoondoka mtakuwa wa kwanza kuchagua nyumba mpya.

Watu wengi walikubali wakauza. Wengine walihuzunika, lakini walitumaini kurudi. Kisha upepo ukageuka. Watu wenye nguvu walisema kwamba nyumba za Serkali ni mambo ya kikomunisti. Mwaka 1953 alichaguliwa meya mpya, Norris Poulson, aliyekuwa akiipinga kazi hiyo, na kazi ikaachwa. Mji ukaipata ardhi ile kwa sharti kwamba itumike kwa faida ya watu wote. Wakati huo karibu wenyeji wote walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Miaka michache ikapita. Mwenye timu ya besiboli ya Dodgers, iliyokuwa ikicheza Brooklyn, alikuwa akitafuta mahali pa kujenga uwanja mpya. Mwaka 1957 Los Angeles ulipatana naye: yeye atauachia mji uwanja mdogo aliokuwa nao huko, na mji utampa ardhi ya Chavez Ravine. Tarehe 3 Juni 1958 watu wa mji walipiga kura, na waliokubali waliwazidi waliokataa kwa tofauti ndogo. Tarehe 8 Mei 1959 askari walikuja kuwatoa watu wa mwisho waliokataa kuondoka. Mwanamke mmoja alichukuliwa mzobemzobe, wapiga picha wakitazama, na mashini zikabomoa nyumba. Uwanja ulifunguliwa tarehe 10 Aprili 1962, wenye viti 56,000. Ni uwanja mzuri, na watu wengi wameufurahia hata leo.

Sasa tuulize: nani alikosa? Waliotuma barua ya 1950 pengine walisema kweli, walitaka kujenga. Meya mpya hakuahidi kitu. Tena aliwaambia watu mapema kwamba hazitaki nyumba zile. Mwenye timu aliomba ardhi iliyokuwa karibu tupu. Wapiga kura walichagua wapendavyo. Kila mmoja atanawa mikono yake. Lakini mwisho wa habari ni huu: watu walitoa nyumba zao ili maskini wapate nyumba, na nyumba hazikupatikana.

Wengine husema: «Walilipwa.» Ndiyo, wengi walilipwa, ingawa wengine walinung'unika kwamba bei ilikuwa ndogo. Lakini mtu aliyepokea barua ile hakupewa fedha peke yake. Alipewa fedha pamoja na ahadi, na kwa ajili ya vyote viwili aliondoka. Fedha alizipokea, ahadi hakuna aliyemlipa.

Wengine husema: «Walio wengi wamekata neno.» Kura ni kitu chema, hutuonyesha watu wengi wanataka nini. Lakini kura haiwezi kufuta deni. Kama watu kumi wamekopa mbuzi wa jirani, kisha tisa wakainua mikono kwamba asirudishwe, je, mbuzi amekuwa wao?

Wengine husema: «Jamaa ile iliyotolewa kwa nguvu ilikuwa na nyumba nyingine mahali pengine.» Kweli, magazeti yaliandika hivyo baada ya siku chache, na huruma ya watu ikapoa. Hapa tujihadhari sana. Huruma yaweza kupimwa kwa umaskini wa mtu, lakini haki haipimwi hivyo. Tukisema kwamba ahadi yamfaa tu asiye na kitu kabisa, tumeigeuza haki kuwa sadaka.

Basi ahadi ya mji ni deni la nani? Nadhani jibu si gumu. Baba akifa, mwana anarithi shamba na ng'ombe. Wadai wakija, hawezi kusema, «Mimi sikukopa.» Amerithi mali, amerithi na madeni. Vivyo hivyo mkubwa mpya hurithi kiti, na kodi, na ardhi iliyonunuliwa na waliomtangulia. Ikiwa anaichukua ardhi, lazima aichukue pamoja na neno lililoipata. Mtu aliyetia sahihi barua ile hakuahidi kwa jina lake. Aliahidi kwa jina la mji, na mji haukufa.

Je, mji usibadili shauri lake kamwe? La, pengine shauri la kwanza halikuwa jema. Majengo marefu yale yangaliweza kuharibika upesi, hakuna ajuaye. Lakini ukibadili shauri, rudi kwa yule uliyemwondoa. Mwambie: nilichokuahidi sitakijenga, je, utarudishiwa kiwanja chako, ama nikulipe nini badala yake? Huko Los Angeles swali hilo halikuulizwa kwa wakati wake. Mwaka 2024 baraza la sheria la California lilipitisha sheria ya kuunda tume ya kuchunguza malipo kwa watu wale na wazao wao. Gavana alikataa kuitia sahihi, akisema kazi hiyo yafaa ifanywe na watu wa mahali penyewe. Deni la zaidi ya miaka sabini lingali likitafuta mwenyewe.

Sisi wa Kongo tunayo sheria nzuri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, yasema kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa faida ya watu wote, tena kwa malipo ya haki yaliyotangulia kutolewa. Tulishike neno hilo «yaliyotangulia». Maana mwenye nyumba ana nguvu ya kudai siku ile nyumba yake ingali imesimama. Ikikwisha kubomolewa, amekuwa mwombaji mbele ya mlango wa ofisi.

Kwa hiyo, siku mtakapoonyeshwa ramani ya uwanja mpya katika mji wenu, msikatae kwa sababu ya woga, wala msishangilie kwa sababu ya mpira tu. Ulizeni kwanza majina ya watu wanaokaa pale. Ulizeni wamepewa nini mkononi, na wameahidiwa nini mdomoni. Na yale ya mdomoni yaandikwe kwenye karatasi, kisha kila mwenye nyumba apewe nakala yake aitunze.