Kengele Inapolia Usiku Kucha, Ni Nani Mwenye Kosa?



Tuseme umekabidhiwa mtoto asiyekuwa wako. Amezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na uzito wake haufiki kilo moja. Amelazwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Mguuni amefungwa kitambaa chenye kitaa chekundu kinachopima oksijeni iliyomo katika damu yake, na kifuani amebandikwa vibandiko vinavyohesabu mapigo ya moyo na pumzi. Kipimo chochote kikipita mpaka uliowekwa, kengele hulia. Wewe ndiye nesi wa zamu ya usiku, na kando yake wamo watoto wengine, kila mmoja na kengele zake.

Imelia, umekwenda mbio: mtoto amepiga teke tu, kitambaa kimelegea. Imelia tena: amejinyoosha. Imelia mara ya tatu: oksijeni ilishuka kweli, lakini kabla hujafika imepanda yenyewe. Ikifika saa tisa za usiku zimelia mara zisizo na idadi, na hakuna hata moja iliyokuhitaji. Sasa inalia nyingine. Je, utakwenda kwa mbio zile zile za mwanzo wa usiku?

Nakuomba usiharakishe kujibu. Sisi tuliokaa majumbani ni wepesi wa kusema, "Mimi ningekwenda, maana ni roho ya mtu." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

Khabari zilizokusanywa Marekani zinatufundisha jambo jengine. Mwezi wa Aprili 2013, Joint Commission, yaani chombo kinachokagua hospitali za nchi ile, kilitoa onyo kuhusu kengele za mashine. Kilisema kwamba tangu Januari 2009 hata Juni 2012 kilipokea taarifa za matukio 98 ya madhara yaliyohusu kengele hizo, na 80 katika hayo yaliishia kwa mauti. Katika onyo lilo hilo walikadiria kuwa katika kila kengele 100 zinazolia, baina ya 85 na 99 hazihitaji mtu kufanya lolote. Tena mwaka 2015 wataalamu wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa kuweka kamera na kuwatazama manesi kazini. Waliona kwamba kadiri nesi alivyopigiwa kengele za bure nyingi zaidi katika saa mbili zilizotangulia, ndivyo alivyochelewa kuifikia ile inayofuata.

Fikiri maana ya maneno haya. Hao si viziwi wala si watu wasio na huruma. Moyo wa mwanadamu umeumbwa hivi, kwamba sauti isiyoleta jambo huiweka kando. Ndiyo rehema ile ile inayomwezesha anayekaa ufukoni kulala bila ya kusumbuliwa na mawimbi. Lau tungeshtuka kwa kila sauti hakuna ambaye angeishi. Lakini rehema hiyo, ndani ya wadi ya watoto wachanga, hugeuka kuwa khatari.

Na khasa kwa watoto wachanga, kwani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati bado hajajua kupumua vizuri. Husahau pumzi, kisha huikumbuka. Oksijeni yake hupanda na kushuka mchana na usiku. Hata nesi akisema "nitampa oksijeni nyingi nipumzike," hawezi. Tangu miaka ya 1950 imejulikana kuwa oksijeni ikizidi huharibu macho ya watoto hawa, na wengi walipofuka kwa sababu ya wema huo. Ikipungua nako kuna mauti: uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2010, uliohusu watoto zaidi ya 1,300, ulionyesha kwamba waliowekwa katika kiwango cha chini, 85 mpaka 89 kwa mia, walisalimika zaidi macho yao, lakini walikufa wengi zaidi kuliko wale wa 91 mpaka 95. Basi njia ni nyembamba, na kengele imewekwa pande zote mbili za njia. Kila mtoto anapoyumba, inalia.

Sasa tuirudie mas-ala yetu. Vitabu vya sharia vinasema kuwa mtu aliyewekeshwa mali, ikapotea mikononi mwake, halipi ila ikiwa ameifanyia uadui au ameizembea. Nesi naye amewekeshwa amana, tena kubwa kuliko mali. Akichelewa kwa sababu sikio lake limechoka, je, huo ni uzembe?

Mwenye kuambiwa "linda mlango huu" amepewa kazi inayowezekana. Lakini ukimweka mtu mmoja mbele ya milango mia, yote ikigongwa na upepo tangu magharibi hata alfajiri, kisha mwizi akaingia kwa mmoja, na wewe asubuhi ukasimama juu yake ukimuuliza, "Hukusikia?" mimi naona swali hilo linastahili kukuelekea wewe kwanza.

Maana kengele haikujiweka. Yuko aliyeitengeneza, akaogopa kushitakiwa, akaifanya ilie kwa jambo dogo. Yuko mkubwa wa hospitali aliyeuacha mpaka kama ulivyotoka kiwandani, mpaka mmoja kwa watoto wote, aogope asije akaambiwa, "Wewe ndiye uliyeilegeza." Kila mmoja amejiwekea ushahidi wake kwamba kengele ililia. Mzigo wote wa lawama wameuteremsha juu ya sikio la mtu mmoja aliyekesha. Kujivua lawama kwa njia hii kuna sura ya uangalifu, na kwa ajili hiyo ni vigumu kukemea. Lakini mtu akiongeza kengele kwa ajili ya nafsi yake, si kwa ajili ya mtoto, amempunguzia mtoto yule masikio.

Utanambia, "Je, mkizipunguza, na moja katika hizo ndiyo ambayo ingemwokoa?" Hili ni swali la haki, na sitakuficha kuwa khatari hiyo ipo. Lakini usidhani kuwa leo zote zinasikika. Leo pia kengele zinachaguliwa, ila anayechagua ni uchovu, saa tisa za usiku, bila ya elimu wala shauri. Ni bora wachague madaktari na manesi mchana, wakiwa macho, na vipimo vya mtoto viko mbele yao.

Na yapo yanayofanyika. Mtoto anayepumua hewa hii hii ya kawaida, asiyeongezewa oksijeni, hawezi kudhurika kwa kuzidi kwake. Basi kengele ya juu kwake haina maana, na huzimwa. Kipimo kikishuka, mashine hungojeshwa sekunde chache kabla ya kulia, kwani mara nyingi mtoto hurudi mwenyewe. Vibandiko hubadilishwa kabla havijakauka. Mpaka huwekwa kwa umri na hali ya kila mtoto, na hutazamwa upya. Haya hayagharimu fedha nyingi. Ila hayamtoshi nesi aliyepewa watoto kumi na tano peke yake. Huyo anahitaji mwenzake, na hapo hakuna mashine itakayotuokoa na gharama.

(Hata majumbani tunayo haya. Mama anayemwambia mwanawe "utaanguka!" tangu asubuhi hata jioni, kwa kila ngazi na kila kiti, asistaajabu siku mtoto atakapoinama juu ya kisima asigeuke.)

Ukijaaliwa kwenda kumtazama mtoto katika wadi kama hizo, ukasikia kengele inalia na nesi hakukimbia, usianze kwa kumfokea. Tazama anatazama nini. Nesi mzuri humtazama mtoto kabla ya mashine: rangi ya midomo yake, kifua chake kama kinapanda. Akishamaliza, na amepata nafasi, muulize kwa upole mpaka wa kengele ile umewekwa na nani, na ni lini mara ya mwisho ulipotazamwa. Kisha swali hilo hilo mpelekee mkubwa wake.