Je, Faraja ni Dawa ya Usingizi?

Masomo: Zaburi 13, Matendo 12:1-17, 2 Wakorintho 1:3-7



Kuna swali ambalo Wakristo wengi wanaliuliza kwa sauti ndogo, maana wanaogopa kuonekana watu wa imani haba. Swali ni hili: tunasoma Neno la Mungu, tunafunga, tunakesha katika maombi, na mateso hayaondoki. Basi faraja hiyo ni kitu gani? Je, ni kweli, ama ni dawa ya usingizi tu, ya kumfanya maskini asahau njaa yake mpaka kesho?

Swali hili si dhambi. Nchi yetu inalo haki ya kuliuliza. Watu wa Goma waliona moto wa Nyiragongo ukishuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, wakajenga tena juu ya mawe meusi, na moto ukarudi tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Watu wa Kisangani walilala chini ya vitanda siku 6 katika mwezi wa sita 2000, majeshi mawili ya kigeni yakipigana katikati ya mji wao. Mwanzo wa 2025 vita viliingia Goma, kisha Bukavu, na wale waliokuwa katika kambi za wakimbizi pembeni ya Goma walibeba tena magodoro yao juu ya kichwa. Mama aliyekimbia mara tatu, mara nne, akisikia mhubiri anasema Bwana ni kimbilio, sharti aulize: kimbilio gani? Tusimkemee. Tumjibu.

Kwanza, tutazame jambo ambalo Biblia yenyewe haifichi. Katika Matendo, sura ya 12, mfalme Herode anawakamata watu wa kanisa. Yakobo, ndugu ya Yohana, anauawa kwa upanga. Petro anawekwa gerezani, kanisa linaomba kwa bidii, na malaika anamtoa usiku. Sura ni moja, mfalme ni mmoja, kanisa ni moja, Mungu ni mmoja. Mmoja anatoka, mwingine anazikwa. Je, tutasema kwamba Yakobo alikosa imani? Ama kwamba mama yake hakuomba? Hakuna mtu mwenye akili atakayesema hivyo. Tena, wale waliokuwa wakimwombea Petro nyumbani kwa mama yake Marko, kijakazi alipowaambia Petro yuko mlangoni, walimwona kama mtu mwenye wazimu. Imani yao ilikuwa ndogo, na Petro alitoka.

Kwa hiyo mlango wa gereza si mizani ya kupimia imani. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa. Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane aliomba mara tatu juu ya kikombe kile, na kikombe kilibaki. Lakini Luka anaandika kwamba malaika alikuja kumtia nguvu. Tuangalie vizuri: malaika hakuja na upanga wa kuwafukuza askari. Alikuja na nguvu ya kusimama. Hapo ndipo tunaanza kuelewa faraja ni nini.

Pili, tuuchukue mfano uliotokea katika udongo wetu. Simon Kimbangu, katekista wa Wabatisti, alianza kazi ya kuhubiri na kuponya wagonjwa katika mwezi wa nne 1921, katika nchi ya Nkamba. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu, wakaenda kumsikiliza. Leta ya Wabelgiji ilishtuka. Katika mwezi wa tisa alijitoa mwenyewe mikononi mwa wakubwa, na tarehe 3 mwezi wa kumi 1921 baraza la askari kule Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, lilimhukumu viboko 120 na kifo. Hakuwa na mtu wa kumtetea. Mfalme Albert wa Kwanza aliibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Nabii akapelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mbali sana na kwao, akakaa gerezani miaka 30, mpaka alipokufa tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu, wanaume, wanawake na watoto, wakatupwa katika majimbo ya mbali ambako hawakujua lugha ya watu.

Miaka 30! Tunaomba mkae kidogo na hesabu hiyo. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya hukumu alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku nabii alipokufa. Na usiku wote huo watu waliomba. Mlango haukufunguka.

Basi yule anayesema kwamba maombi ni dawa ya usingizi, tumuulize swali moja: kama ni dawa ya usingizi, kwa nini leta iliogopa maombi? Bwana mwenye watumwa hapigi marufuku kitu kinacholaza watumwa wake. Angekigawa bure sokoni kama chumvi. Lakini askari walitumwa kuvunja mikutano ya watu wasio na bunduki, watu waliokuwa wakiimba na kupiga magoti. Wakubwa walijua jambo ambalo wengine wamelisahau: mtu aliyefarijiwa na Mungu haogopi tena kwa namna ile ya zamani. Amekumbuka kwamba yeye ni mtu. Ukimpiga unaumiza mwili wake, lakini jina lake huwezi kulifuta tena.

Na kule walikotupwa walifanya nini? Wale waliohamishwa hawakuwa na kanisa la matofali. Walikuwa na maombi ya usiku, nyimbo, na maneno ya Biblia waliyoyajua kwa moyo. Leta ilifikiri inawatawanya ili moto uzimike. Kumbe ilibeba makaa na kuyapanda katika majimbo mengine. Nyumbani, Mama Marie Muilu alilea watoto wake watatu na kulichunga kundi kwa siri. Mwisho wa 1959 leta ile ile ilikubali kanisa lao kwa sheria. Na tangu 2023 tarehe 6 mwezi wa nne ni sikukuu ya taifa lote.

Lakini tusikimbie kumaliza habari kwa shangwe. Sikukuu ya 2023 hairudishi miaka 30. Kifungo kile kilikuwa uovu siku ya kwanza, na kilikuwa uovu siku ya mwisho. Faraja ya Mungu haigeuzi uovu kuwa wema. Tunapenda kusema subira huvuta heri, na ni kweli. Lakini methali hiyo mdomoni mwa mwenye kutesa ni uongo. Mkristo anaweza kufarijiwa na huku anadai haki. Mikono ile ile inayoinuliwa kuomba inaweza kuandika barua kwa hakimu.

Tatu, Maandiko yanatufundisha namna ya kulia. Wengine wanadhani kumlalamikia Mungu ni kumtukana. Wafungue Zaburi. Katika zile 150, nyingi ni kilio. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana mpaka lini. Ya 88 inaanza gizani na inaishia gizani. Wala wazee waliokusanya kitabu hawakuitupa. Kwa nini? Kwa sababu anayemlilia Mungu bado anaongea na Mungu. Hatari iko kwa yule aliyenyamaza kabisa, aliyefunga moyo kama mlango wa duka lililofilisika. Basi, ndugu, ukikosa maneno, usijilazimishe kusema asante ambayo hauna. Chukua Zaburi ya kilio, uisome kwa sauti. Mtu mwingine alikwisha kulia kwa niaba yako, na Mungu alimsikiliza.

Nne, na hapa tunasema na sisi sote tunaokwenda kufariji wengine. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri mara moja tu: walipokaa chini pamoja naye siku 7 bila kusema neno. Walipofungua kinywa waliharibu. Walitafuta dhambi yake ili wapate sababu ya kidonda chake, na mwisho Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu. Leo tunasikia wahubiri wanaomwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba imani yake ilikuwa ndogo, ama kwamba kuna mchawi katika jamaa. Wengine wanauza mafuta na vitambaa, na kuahidi muujiza kabla ya Jumapili. Huo ni wizi mara mbili: wanamchukulia franga zake, kisha wanamchukulia Mungu wake, maana Jumapili ikipita bila muujiza atadhani ni Mungu aliyemdanganya.

Mungu mwenyewe hafariji hivyo. Eliya alipochoka, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena. Maneno yalikuja baadaye, mlimani, kwa sauti ndogo. Kwa hiyo ukienda kilioni, beba kuni, beba unga, chota maji. Keti. Kisha, wakati mwenye msiba atakapokuangalia, omba kwa maneno mafupi. Sahani ya bugali na sombe iliyoletwa bila kelele ni sehemu ya maombi.

Ndiyo maana Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anasema tunafarijiwa ili tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Faraja si mali ya kufungia sandukuni. Ni kama moto wa jirani: unaomba kaa moja asubuhi, na jioni mwingine anakuja kuomba kwako. Na dawa ya usingizi je? Inamlaza mtu peke yake. Faraja ya Mungu inamwamsha na kumtuma kwa jirani. Kwa alama hiyo mtazitambua.

Basi tunawashauri mambo machache. Kila jioni, hata katika hema, jamaa isome Zaburi moja. Asiyejua kusoma ajifunze kwa moyo mistari michache, maana kitabu kinaweza kuungua lakini kilicho moyoni kinakimbia pamoja nawe. Katika maombi tajeni watu kwa majina, waliokufa na waliopotea, wasiwe hesabu tu. Waombeeni hata wenye silaha, wageuke. Na kila juma, kila nyumba itafute nyumba moja yenye shida kubwa kuliko yake.

Tuombe: Ee Mungu wa faraja yote, wewe uliyekaa na wafungwa wako katika gereza lisilofunguka, kaa nasi. Ukifungua mlango tutakushukuru. Mlango ukibaki umefungwa, utupe nguvu ya kusimama, na mkate wa kumgawia aliye kando yetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.